Bi Semeni Aposa Benki

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani yoyote. Ukiikuta kwenye ramani, ipeleke ramani hiyo kituo cha polisi kilicho karibu nawe. Wao watajua la kuifanya ramani, na la kukufanya wewe.

Ni nchi nzuri. Nalisema hili mapema asije mtu akanielewa vibaya. Rais wetu anatupenda, nasi tunampenda, na kila Ijumaa tunajaza fomu ya kuthibitisha hivyo.

Sisi zamani tulikuwa watu wa Mlimani. Siku moja Rais alipita juu yetu kwa helikopta, akatazama chini, akasema, "Mandhari nzuri sana, ila ina watu." Hakuamuru kitu, alisema tu. Wiki mbili baadaye malori yakaja kutuondoa kwenye mandhari. Tulielezwa kwa upole, na askari mwenye kipaza sauti, kwamba babu zetu wameishi mbele ya mlima miaka mia mbili bila kibali cha kuuziba. Tukateremshwa Bondeni, Tarafa ya Nne, mahali penye benki tatu na kisima hakuna. Hatukulalamika. Kisima mtu anaweza kujichimbia, lakini benki utaichimbaje?

Jirani yangu mpya akawa Bi Semeni, fundi cherehani. Nusu ya watoto wa Mlimani walikwenda shule na sare alizoshona yeye. Miaka yake sitini na minane, ulimi wake kumi na sita. Kwetu bibi na mjukuu ni watani, hata kama damu haiwagusi, kwa hiyo mimi alikuwa akiniita mume wangu.

"Wewe mume wangu Chande," alinifokea siku ya kwanza tu, "ndiyo nyumba gani hii uliyoniletea, haina hata dirisha?"

"Dirisha lipo, bibi. Liko mbele ya pua yako."

Akanyoosha mkono, akalipapasa dirisha pembe kwa pembe, kama mtu anayempima mteja kiuno.

Ndipo nikajua. Mtoto wa jicho alikuwa amemziba la kushoto kabisa. La kulia lilibaki na mwanga na vivuli. Miezi kadhaa alikuwa anashona kwa vidole, na sisi tuliona mishono imepinda tukadhani ndiyo mtindo mpya.

Bahati ikawa upande wake. Daktari wa macho huja hospitali ya Bondeni mara moja kwa mwaka, hukaa siku ishirini na moja, huyoo, keshaondoka. Na alikuwa ndiyo kwanza anafika. Alimpima Bi Semeni akasema presha ya jicho imepanda: likipasuliwa sasa litaona, likingoja mwaka ujao halitaona tena kitu. Fedha za upasuaji bibi alikuwa nazo, ameziweka miaka kumi na tisa katika benki ya Mlimani. Tatizo ni kwamba hospitali haipokei noti mkononi, kwa sababu noti zina vijidudu, wala haipokei fedha za benki ya mkoa mwingine, kwa sababu zina vijidudu vya mkoa mwingine. Kwa hiyo kazi yetu ilikuwa nyepesi. Achague benki hapa Bondeni, ahamishe fedha, alipe. Siku ishirini na moja.

*

Zamani mtu alihama benki kwa kujaza karatasi. Mambo ya kishenzi. Waziri wa Fedha na Hisia, Mheshimiwa Kidungwe, aliyakomesha bungeni kwa hotuba ya saa nne, ambayo niliisikiliza yote kwa sababu siku ile redio zilikuwa hazizimiki.

"Waheshimiwa wabunge! Mwananchi wa leo anabadili benki kama soksi! Leo yuko na hii, kesho ile, keshokutwa anaonekana mlangoni kwa ya tatu, mchana kweupe, bila haya! Nauliza, benki haina moyo?"

Makofi.

"Benki haina wazazi? Benki, waheshimiwa, ni binti wa watu!"

Hapo akalia. Wabunge nao wakalia, kuanzia wale wa mbele wanaoonekana kwenye televisheni, na muswada ukapita ukiwa umelowa.

Hivyo tukapata Sheria ya Heshima ya Benki. Tangu siku hiyo kwetu mtu hafungui akaunti, anaposa. Unatafuta mshenga, unapeleka barua, unatoa mahari, ndoa inafungwa. Ukitaka kuhama, unaomba talaka. Wapo wakorofi waliouliza: sasa katika ndoa hii mume ni nani? Wizara ikatoa ufafanuzi. Unapoingia benki wewe ni mume, kwa kuwa mume ndiye anayetoa. Unapotoka wewe ni mke, kwa kuwa mke ndiye anayeomba. Ukiwa bado umo ndani, utaarifiwa siku hiyohiyo.

Bi Semeni akaniteua mshenga.

"Bibi, mimi nina kidato cha nne tu."

"Na mdomo usiopumzika. Acha kwa mara moja ufanye kazi yenye faida."

*

Tulianzia kwenye talaka. Tulipanda Mlimani kwa kibali cha kuingia mandhari, tukasimama dirishani. Karani akachukua fomu.

"Sababu ya kuachana?"

"Nimehamishwa," akasema Bi Semeni.

"Na nani?"

"Na serikali."

"Hapo hujaachwa, mama. Hapo umetoroka nyumbani. Sheria inazitambua sababu tatu tu: kupigwa, kunyimwa matunzo, au benki kuishi na mteja mwingine."

"Si ina wateja wengine elfu nne?" nikauliza.

"Hao ni wake wenzie. Wanafahamiana."

Bi Semeni akafikiri. "Andika matunzo. Miaka kumi na tisa sijaletewa hata mche wa sabuni."

Karani akaandika. Siku mbili nzima tukakalishwa kwenye baraza la usuluhishi, meneja wa Mlimani analia mbele yetu, anauliza kosa lake nini, anakumbusha jinsi Bi Semeni alivyokuja mara ya kwanza akiwa mbichi, na kitabu chake kipya. Siku ya tatu talaka ikatoka. Machozi ya meneja yalikatwa kwenye salio, kwa kijiko.

Fedha nazo hazikuruhusiwa kuondoka palepale. Ilibidi zikae eda siku saba, sandukuni, zisionekane na mwanamume, ili ihakikishwe kwamba hazina riba tumboni. Siku ya saba zikapimwa. Zikakutwa nayo.

"Alhamdulillahi!" Bi Semeni akapiga kigelegele. "Mtoto!"

"Mtoto ni wa baba," karani akamweleza.

Riba ikabaki Mlimani kulelewa kwao. Sisi tukateremka na mama mtu peke yake, amekonda.

*

Siku ya kumi na moja tukaenda kuchagua. Uhuru wa kuchagua benki tunao, umo kwenye katiba, ukurasa ule wenye doa la chai. Na Bondeni hatukosi cha kuchagua: kuna Benki ya Umma, kuna Benki ya Ustawi, kuna Benki ya Upendo. Zote zimo kwenye jengo moja lenye milango mitatu. Nilichungulia kwa nje. Ndani ni chumba kimoja, na karani mmoja mwenye kofia tatu. Ukibisha mlango wa kijani anavaa ya kijani, ukibisha wa bluu anavaa ya bluu. Mabinti wote watatu baba yao ni mmoja, shemeji yake Mheshimiwa Kidungwe, na watu husema wamefanana naye mikono.

"Bibi, mlango wa kwanza una rangi ya..."

"Rangi za nini, mume wangu? Mwenzio naona maziwa matupu. Nipitishe mlango hadi mlango."

Nikampitisha. Kila mlango ulikuwa na mlinzi wake. Wa kwanza akasema, "We kikongwe, usiegemee rangi." Wa pili alimsogeza kwa kirungu tu, kwa adabu kabisa. Wa tatu akasema, "Shikamoo, mama."

Bi Semeni akasimama. "Marahaba, mwanangu." Akanigeukia. "Hii hapa."

"Bibi, hata jina lake hujauliza!"

"Nimeshajua ilivyolelewa."

Ilikuwa Benki ya Upendo. Nilisikia baadaye kwamba yule mlinzi alikatwa mshahara kwa kusalimia bila idhini.

*

Kesho yake tukapeleka posa. Barua niliiandika mwenyewe kwa mwandiko wa kulala, nikaifunga kwenye leso pamoja na noti za kishika uchumba. Tukakalishwa kwenye mkeka barazani, chini ya kiyoyozi kinachodondosha maji.

Upande wa benki ulikuwa na wazee wawili. Shangazi wa benki alikuwa Bi Eveta, mkuu wa huduma kwa wateja, mwenye tabasamu lililogandishwa na gundi. Mjomba alikuwa Bwana Kasekwa, meneja wa tawi. Tumbo lake ndilo lililoingia kwanza. Likaketi. Kisha yeye mwenyewe akafuata.

"Tuanze na ukoo," akasema mjomba. "Kwenu kuna historia ya kutoa fedha?"

"Kutoa vipi?" Bi Semeni akauliza.

"Mtu kuja dirishani, na kuchukua." Alilitamka neno hilo kama tusi.

"Marehemu mume wangu alichukua mara moja."

"Kwa sababu gani?"

"Alikuwa anakufa."

"Na angepona angerudisha?"

"Hakupona."

"Unaona?" mjomba akamnong'oneza shangazi. "Ndiyo tabia zenyewe."

Wakataja mahari: mkaja wa mama yake benki, kilemba cha mjomba, viatu vya shangazi, kifungua mlango, na kifunga mlango, maana mlango ukifunguliwa bure kiyoyozi kinapoteza baridi. Bi Semeni alikubali yote bila kupumua. Alikuwa anahesabu siku. Zilibaki tisa, na fedha zilizobaki bado zilitosha jicho moja.

Sasa zamu ya mshenga. Kwetu posa haipiti bila utani. Watu wa Bondeni ni watani zetu tangu enzi za mababu, na mshenga asiyewachokoza wenyeji huonekana kaja kufuata mali, akarudishwa na barua yake. Nikafanya nilivyofunzwa. Nikakohoa, nikasimama, nikamnyooshea kidole mjomba tumboni.

"Mjomba! Tumbo hilo limemeza mahari za mabinti wangapi? Mbona sisi tumeonyeshwa watatu tu?"

Mtu wa Bondeni hapo angecheka mpaka aanguke. Angeniita mla panya wa Mlimani, angenimwagia kata ya maji kichwani, na tayari tungekuwa ndugu. Mimi nikafumba macho kusubiri maji.

Maji hayakuja. Nilipofumbua, nilimwona mlinzi mlangoni kafumba ya kwake.

Mjomba hakuwa mtu wa Bondeni. Alikuwa kahamishiwa tawini juzi kutoka Makao Makuu, na watu wa Makao Makuu hawana watani. Walikuwa nao zamani. Wakaandikwa majina.

"Kijana," mjomba akasema taratibu, "tumbo hili ni mali ya taasisi."

Shangazi akafungua kitabu cha sheria, bado anatabasamu. Adhabu ya kumtania meneja ni mbuzi mweupe asiye na doa, faini, na posa kusimama siku nane mpaka moyo wa mjomba upoe.

"Mheshimiwa, naomba radhi," nikasema. "Nipige mimi. Nifunge mimi. Huyu mama daktari wake anaondoka..."

"Moyo haukimbizwi, kijana."

Njiani Bi Semeni alinishika bega, hatua kwa hatua. Tulipofika kona ya kwetu akauliza, "Tumbo lenyewe lipo kweli?"

"Lipo, bibi."

"Kubwa?"

"Lina kivuli chake peke yake."

Akacheka. Akacheka mpaka akashikilia ukuta wa watu. "Basi hukusema uongo, mume wangu." Akajifuta macho kwa upindo wa kanga, akabaki na upindo usoni muda mrefu. "Ila siku nane."

*

Moyo wa mjomba ulipoa kivulini, kwa juisi ya ukwaju. Mbuzi mweupe nilimpata kwa kuuza baiskeli yangu. Alikutwa na doa chini ya kwato, nikatafuta wa pili. Cherehani ya Bi Semeni ndiyo iliyomnunua.

Kila asubuhi Bi Semeni alitoka nje, akanyoosha mkono wake karibu na pua, kwenye mwanga wa jua, akahesabu vivuli vya vidole.

"Vitano," alisema siku ya kwanza.

"Vitano," siku ya pili. Siku ya nne akasema, "Vitatu. Au vitano vimeshikana." Siku ya saba aliutazama mkono kwa muda mrefu, akaugeuza, akasema, "Kuna mkono."

Siku ya nane hakutoka.

*

Ndoa ilifungwa siku ya ishirini na moja. Daktari alikuwa aondoke saa tisa alasiri. Alikuwa ametuambia atamweka bibi mwisho kabisa kwenye orodha, malipo yakiingia hata saa nane atampasua.

Saa tatu asubuhi tulikuwa tumeshafika. Bi Semeni, kwa kuwa ndiye mume, alivalishwa koti la suti la kuazima, limemfika magotini. Ukaimbwa wimbo wa benki, beti kumi na nne. Ikachezwa kaseti ya salamu za Mheshimiwa Kidungwe akiwaasa maharusi wavumiliane. Saa sita juu ya alama fedha za Bi Semeni zikaingia Benki ya Upendo, makarani walioazimwa kutoka matawi mengine kwa ajili ya sherehe wakapiga vigelegele. Mimi nikapeleka fomu ya malipo ya hospitali dirishani.

Bi Eveta akaisoma. "Kiasi hiki kinahitaji ridhaa ya mwenzi."

"Mwenzi nani?"

"Si benki? Wamefunga ndoa hivi punde, au ulikuwa hupo?"

Wakaingia ndani kushauriana. Nilisikia sahani. Saa saba na nusu mjomba akatoka, akapanda kwenye ngazi ya mlango, akajifuta mdomo.

"Ndugu waalikwa! Benki imetafakari, na benki imeumia. Mume wetu huyu alipitishwa milango mitatu asione hata mmoja, akatuchagua sisi. Hakuona masharti yetu. Hakuona makato yetu. Alitupenda hivihivi tulivyo, kwa imani. Mapenzi kama hayo mnayapata wapi siku hizi? Leo, wino wa ndoa haujakauka, anataka macho! Ya nini? Nawauliza, mwanamume akipata macho, kitu cha kwanza anatazama wapi?"

"Nje!" wakajibu makarani.

"Anatazama nje. Anaanza kuona benki za wenzake. Hatuwezi kugharimia kuachwa kwetu wenyewe."

Bi Semeni akageuza uso kuitafuta sauti, akaikosa kidogo, akaongea na nguzo. "Mwanangu, mimi sitazami popote. Nataka kutunga uzi kwenye sindano tu."

"Wote husema hivyo, mama," akasema shangazi, kwa huruma ya kweli.

Tukaambiwa rufaa inaruhusiwa na husikilizwa ndani ya mwaka. Niliipiga hospitali simu, nikaomba, nikapiga magoti kwenye simu. Muuguzi akaniambia daktari anafunga masanduku. Saa tisa na dakika chache gari lake jeupe likapita mbele ya benki. Kwetu ukipita penye harusi lazima upige honi, na daktari ni mtu mwenye adabu zake. Akapiga honi ndefu, akatupungia mkono, vumbi likamfuata.

"Nani huyo anatupongeza?" akauliza Bi Semeni.

"Mpita njia," nikasema.

Alijua. Alikunja mikono ndani ya koti lile, akajikalia kwenye kiti cha bwana harusi.

Mjomba alikuwa bado hajamaliza. Akatangaza kwamba Bi Semeni ameteuliwa kuwa Mteja wa Mfano wa Tarafa, na picha yake itabandikwa ukutani ili wengine wajifunze kupenda. Wakampiga picha. Wakapiga makofi, wakapiga tena, kwa sababu mpiga picha alikuwa hajaondoa kifuniko.

Bi Semeni akanivuta shati, nikainama.

"Mume wangu, hao wanaopiga makofi wakoje? Niambie kwa ule mdomo wako. Niwekee mjomba, niwekee na shangazi. Leo nataka kucheka, nisipocheka hapa nitaangua kilio mbele yao."

Mjomba alikuwa hatua tatu kutoka kwetu. Amekaa, tumbo limelala mapajani, kalamu mkononi, daftari wazi, ananitazama midomo. Maneno nilikuwa nayo. Yalikuwa yamepanga foleni kooni kama watu wa mgao wa maji, na la mbele lilikuwa zuri kuliko yote niliyowahi kusema.

"Wamependeza, bibi," nikasema. "Wote wamependeza sana."